Anza na Pa Kutokea: Kupanga Njia za Hewa kwenye Gari la Stoku

Gari linalochemsha likiletwa gerejini kwetu, mwenyewe huwa keshaamua dawa: "Tutoboe bampa, tuongeze tundu la hewa." Mimi humwambia afungue boneti kwanza anioneshe hewa inatokea wapi. Wengi hapo huanza kukuna kichwa.

Mimi ni fundi bati. Kazi nilijifunzia Tanga, nikinyoosha madigadi ya daladala, na sasa nipo North Carolina nikitengeneza bodi na njia za hewa za timu ndogo inayokimbia Jumamosi usiku kwenye viwanja vifupi vya huku. Magari yetu ni ya daraja la Late Model Stock. Kwa asiyeyajua, gari la stoku ni lile la Kimarekani lenye sura ya gari la barabarani, lakini ukivua bodi unakuta fremu ya mabomba ya chuma, na aghalabu linazunguka kushoto tu kwenye kiwanja cha mviringo. NASCAR ndicho chama kinachoendesha mbio zake kubwa. Vijana wa gereji nyumbani huzitazama kwenye simu, kisha wananipigia kuuliza yale matundu puani mwa gari ni ya nini, na yale mabomba meusi yanakwenda wapi. Haya basi, wadogo zangu, nawajibu wote kwa pamoja.

Hewa kwenye gari hili ina kazi nne: kupoza injini, kupoza breki, kumpa dereva pumzi safi, na kulikandamiza gari chini ili matairi yashike kwenye kona. Kazi tatu za kwanza zinakula ya nne. Hewa unayoiingiza puani ingepita juu ya gari ikalikandamiza. Ikishaingia chini ya boneti inalinyanyua na kulivuta nyuma. Kwa hiyo fundi hatafuti hewa nyingi. Anatafuta hewa kidogo kabisa inayotosha, iliyopewa njia ya kuingia na njia ya kutoka.

Ramani ya presha

Kabla hujashika mkasi wa bati, jua presha iko wapi. Gari likienda, hewa hurundikana puani, na presha yake hupanda kwa mraba wa mwendo. Kwa kilomita 80 kwa saa, hewa inayogonga bampa ina presha ya paskali 300 hivi. Ukiongeza mwendo mara mbili, kilomita 160 kwa saa, presha inakuwa mara nne, yaani paskali 1,200. Ukiunganisha presha hiyo na mpira mwembamba wenye maji, itanyanyua maji sentimita 12 tu. Mtu akipuliza kwa mdomo anaweza kuzidisha hapo. Hiyo ndiyo mali yote uliyonayo, na kila ufa unaoacha unaipunguza.

Presha ya juu utaikuta sehemu tatu: kwenye uso wa bampa, pale boneti inapokutana na kioo cha mbele, na mbele ya spoila ya nyuma. Presha ya chini iko juu ya boneti karibu na pua, pale hewa inapopinda kupanda. Iko juu ya paa. Iko ubavuni nyuma tu ya matairi ya mbele. Na iko chini ya gari nyuma ya splita, ule ulimi bapa uliotokeza chini ya bampa la mbele. Hewa hutoka kwenye presha ya juu kwenda ya chini, haina njia nyingine. Sisi watu wa pwani tunalijua hili bila kusoma: nyumba yenye dirisha upande wa kusi peke yake haipati upepo hata kusi ivume namna gani, mpaka ufungue la upande wa pili.

Sasa angalia magari ya mitaani yaliyotobolewa boneti kwa urembo. Wengi hukata matundu nyuma kabisa, karibu na kioo, wakidhani joto litatokea hapo. Pale presha ni ya juu. Gari likishika mwendo hewa inaingia kwa tundu lile badala ya kutoka, inakutana na ile ya rejeta, na zote mbili zinakwama. Gari linapoa likisimama na kuchemka likikimbia, na mwenye gari anabadilisha thamostati tatu bila kupata jawabu.

Rejeta

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Pima uso wa rejeta yako, urefu mara upana. Tundu la kuingizia hewa puani halihitaji kuwa sawa na uso huo. Mafundi wengi wa mbio huanzia robo mpaka theluthi ya eneo la rejeta, na ukiweza kupunguza baadaye, punguza. Hewa ikiingia kwa tundu dogo kisha njia ikapanuka taratibu kuelekea rejeta, inapunguza mwendo na kuongeza presha, na presha ndiyo inayoisukuma kupita katikati ya mapezi, yale mabati membamba ya rejeta. Neno la kushika ni taratibu. Kuta zikifunguka ghafla, hewa inajitenga na bati, inazunguka pembeni bure, na katikati tu ya rejeta ndipo panapopata kitu. Nikipata nafasi sizidishi digrii 7 kila upande. Mara nyingi nafasi haipo, kwa sababu pua ya Late Model ni fupi, hapo unafanya uwezalo na kukunja kingo ziwe za mviringo.

Boksi la kuipeleka hewa kutoka puani hadi rejeta mimi hulikata kwa alumini ya milimita 1. Anza na karatasi ngumu: kata kadibodi, pachika, rekebisha, kisha hamishia kwenye bati. Boksi lizunguke pande zote nne, chini pia. Chini ndipo watu wanapoachia, kwa kuwa hapaonekani. Kila mahali bati linapokutana na rejeta, weka sponji ngumu au ukanda wa mpira, maana rejeta inatikisika na bati tupu litaitoboa. Pembe za riveti zizibe kwa silikoni ya joto. Ukimaliza, zunguka na kidole chako: pakipita kidole, panapita hewa, na hewa ikipewa uchaguzi kati ya mapezi ya rejeta na ufa wa ubavuni, haitapita kwenye mapezi.

Nimewahi kuona timu ikinunua rejeta nene zaidi, ghali, wakati boksi lake lina nafasi ya kupitisha mkono juu ya tanki. Rejeta nene inakinza hewa zaidi kuliko nyembamba. Kwa hiyo hewa yote ilihamia kwenye ile nafasi ya juu, na joto likapanda kuliko mwanzo.

Kisha njia ya kutoka. Kwenye daraja letu sheria haziruhusu kukata boneti, kwa hiyo hewa ya rejeta inamwagika kwenye chumba cha injini na lazima itafute njia chini na kwenye nafasi za matairi ya mbele. Saidia itoke. Ondoa mabati yasiyo na kazi nyuma ya rejeta, fungua upande wa ndani wa nafasi ya tairi kadiri kitabu cha sheria kinavyoruhusu, hakikisha chini ya injini hakuna kitu kilichoziba. Ekzosi zisikae mbele ya njia hiyo. Gari la Next Gen, ambalo NASCAR ililiingiza kwenye mbio za Kombe, ngazi yake ya juu kabisa, mwaka 2022, limefunikwa bapa chini, kwa hiyo hewa ya rejeta haina pa kwenda huko; wahandisi wakaipa mianya juu ya boneti, karibu na pua, kwenye presha ya chini. Ukitazama picha zake utaona mianya iko mbele, mbali na kioo. Linganisha na yale magari ya mitaani.

Feni usiitoe. Kuna wanaosema kwenye mbio feni haina kazi kwa sababu gari liko mwendoni muda wote. Ngoja bendera ya njano. Magari yote yanafuatana polepole nyuma ya gari la kuongoza, zile paskali 1,200 hazipo tena, injini bado ina moto wa mizunguko arobaini iliyopita, na sindano inapanda mbele ya macho ya dereva. Weka feni ya kuvuta nyuma ya rejeta, iwe na shubaka lake, yaani ganda linaloizunguka, na mabawa yake nusu yawe ndani ya shubaka na nusu nje.

Maji ni maji matupu na dawa ya kuzuia kutu. Viwanja vingi vinakataza kulanti yenye glaikoli, kwani ikimwagika barabarani inateleza na haikauki upesi. Maji matupu yanabeba joto vizuri zaidi, lakini yanachemka mapema, kwa hiyo kifuniko cha rejeta ndicho kinachokuokoa: kifuniko cha presha ya pauni 15 kwa inchi ya mraba kinasogeza mchemko hadi nyuzi 121 za Selsiasi, na cha pauni 22 hadi 128 hivi.

Tepu ya puani

Mkiona fundi anabandika tepu kwenye tundu la rejeta kabla ya mbio, anacheza na ile kazi ya nne. Akiziba sehemu ya tundu, hewa iliyokuwa inaingia ndani inalazimika kupanda juu ya pua, matairi ya mbele yanakandamizwa, gari linakata kona kwa hamu zaidi. Malipo yake ni joto. Kwenye kufuzu, ambako gari linakimbia mizunguko michache tu, unaweza kuziba karibu lote. Kwenye mbio yenyewe huwezi.

Namna ya kupata kipimo chako: siku ya mazoezi anza na tundu wazi, acha gari likimbie hadi sindano itulie, andika joto la maji, la oili na la hewa ya nje. Bandika ukanda mmoja, rudia. Endelea hivyo. Utapata orodha inayosema kila ukanda unakugharimu nyuzi ngapi, na usiku wa mbio hutabahatisha. Tepu ibandike kuanzia chini kwenda juu au kutoka pembeni kuja kati, vyovyote, ila fuata utaratibu uleule kila mara, vinginevyo namba zako hazilinganishiki.

Kisha acha akiba. Gari lako likiwa nyuma ya jingine linapokea hewa iliyokwisha kuvurugwa, yenye mwendo mdogo na joto juu. Namba ulizopata ukikimbia peke yako ni za hewa safi. Mwaka 2011 pale Daytona, kiwanja kikubwa cha NASCAR huko Florida, madereva waligundua kwamba magari mawili yaliyobanana, la nyuma likisukuma la mbele, yanakwenda haraka kuliko kundi zima. Tatizo lilikuwa la nyuma: halipati hewa, linachemka, na baada ya mizunguko kadhaa lazima wabadilishane nafasi. NASCAR ilipotaka kupunguza mchezo huo haikuwakataza kwa maneno. Ilipunguza tundu la hewa puani na kubana presha ya mfumo wa maji, magari yakawa hayawezi kusukumana kwa muda mrefu. Mwenye kushika tundu la rejeta ameshika mbio nzima.

Breki

Martinsville, Virginia, si mbali na mpaka wetu, ni kiwanja cha maili 0.526, yaani mita 850 hivi. Kina pande mbili zilizonyooka za futi 800 kila moja na kona mbili za kubana zenye mwinamo wa digrii 12 tu. Mbio ya Kombe ya mwisho wa mwaka hapo ni mizunguko 500. Kila mzunguko unakanyaga breki mara mbili, kwa hiyo dereva atakayemaliza amekanyaga mara elfu moja, na kati ya kona na kona breki hazipati hata sekunde kumi za kupumua. Usiku ukikaa jukwaani unaziona diski zikiwaka nyekundu ndani ya ringi. Kwenye yale magari ya zamani ya ringi za inchi 15, joto la diski lilikuwa likipita kwenye ringi na kuyeyusha ukingo wa tairi unaokaa kwenye chuma. Tairi linapasuka, dereva anakwenda ukutani, na hapakuwa na msumari wala kioo.

Dakti ya breki, yaani njia ya hewa ya kuzipoza, inaanzia puani kwenye presha ya juu, inafuata bomba jeusi la kunyumbuka, inaishia kwenye diski. Pale inapoishia ndipo watu wanapokosea. Diski ya mbio ni mabamba mawili yenye mapezi katikati, na ikizunguka inafanya kazi ya pampu: inavuta hewa kwenye jicho lake la kati na kuitupa nje ukingoni. Kwa hiyo hewa yako ipeleke kwenye jicho, kwa boksi la alumini lililofungwa kwenye chuma kinachobeba kitovu cha gurudumu na kukaribia diski bila kuigusa. Ukiipuliza upande mmoja wa diski, upande huo unapoa, wa pili unabaki na moto, na diski inajikunja; dereva atakuambia kanyagio linatetemeka. Na kama mapezi yamepinda, kuna diski ya kushoto na ya kulia. Zikibadilishwa pampu inafanya kazi vibaya. Waangalie wanaofunga, hasa usiku wakiwa na haraka.

Kipenyo cha bomba kina maana kuliko kinavyoonekana. Bomba la inchi 4 lina eneo kubwa kuliko la inchi 3 kwa karibu asilimia 78. Kama nafasi ipo, bomba moja la inchi 4 lililonyooka nalipenda kuliko mawili ya inchi 3 yenye kona. Nunua lile la kitambaa cha kioo lililopakwa silikoni, lenye waya ndani. Bomba la alumini laini la mashine ya kukaushia nguo, ambalo huku linauzwa bei ya soda, litapasuka kabla ya nusu ya mbio na vipande vyake vitajizungusha kwenye gurudumu.

Kabla hujalikaza, toa springi, nyanyua gurudumu hadi juu kabisa, lishushe hadi chini, na katika kila hali geuza usukani mpaka mwisho kushoto na kulia. Bomba lisiguse tairi popote. Fundi akipima gari likiwa limesimama tu kwenye jeki amepima nusu. Kwenye mdomo wa dakti weka wavu wa waya wa matundu mapana, kwa sababu vipande vya mpira vinavyoruka kutoka matairi ya wenzako vitaingia humo na kukaa kwenye kona ya bomba.

Utajuaje kama inatosha? Kuna rangi za joto zinazopakwa ukingoni mwa diski: ya kijani hubadilika kwenye nyuzi 430 hivi, ya machungwa 560, nyekundu 610. Paka mistari mitatu, kimbia mizunguko ishirini ya nguvu, rudi usome. Kwenye kalipa, kile kibano kinachosukuma pedi kwenye diski, bandika vibandiko vya joto, maana hapo ndipo mafuta ya breki yalipo. Mafuta ya DOT 4 mapya yanatakiwa kustahimili angalau nyuzi 230 kabla ya kuchemka, na yakishanyonya unyevu yanashuka sana. Ya mbio yanapita 300. Kanyagio likizama sakafuni mwisho wa upande ulionyooka, mafuta yamechemka.

Jambo ambalo vijana hawalitegemei: breki nazo zinaweza kupoa kupita kiasi. Pedi za mbio zinataka moto ndipo ziume. Kwenye kiwanja kirefu chenye mwinamo, dereva anagusa breki kidogo tu, na dakti zilizo wazi zitamfanya afike kwenye kona na pedi baridi. Huko unaziba dakti kwa tepu, pande zote mbili sawasawa, la sivyo gari litavutia upande mmoja. Tofauti kati ya kulia na kushoto ifanye pale tu rangi zilipokuonesha tofauti. Kwenye kona za kushoto gurudumu la mbele kulia ndilo linalobeba uzito, na mara nyingi ndilo linaloomba hewa zaidi, lakini usikisie.

Dereva

Ndani ya gari hili joto linafika nyuzi 50 na kuzidi. Miguu iko juu ya ekzosi, na kwenye magari mengi tanki la oili liko nyuma ya kiti. Ila joto si ndilo linalonitia hofu. Rick Mast, dereva wa Virginia aliyekimbia Kombe kwa miaka mingi, aliacha mbio mwaka 2002 akiwa mgonjwa, na ikabainika kuwa ni kaboni monoksaidi iliyomwathiri kwa muda mrefu. Gesi hiyo haina harufu wala rangi.

Sikiliza inavyoingia. Dirisha la kushoto halina kioo, lina wavu tu. Gari likikimbia, hewa inayopita ubavuni inafyonza hewa ya ndani kupitia dirisha lile, na presha ndani ya gari inashuka. Hewa ya kujaza nafasi hiyo itatoka popote pasipozibwa: tundu la nyaya kwenye bati la mbele, ufa kwenye sakafu, pembeni mwa fimbo ya gia. Na nyuma ya matundu hayo kuna ekzosi.

Kwa hiyo fanya mawili. Ziba kwanza. Ingiza gari mahali penye giza, weka taa kali kwenye chumba cha injini na nyingine chini ya sakafu, keti kwenye kiti cha dereva, funga macho dakika moja, kisha fumbua. Kila nyota unayoiona ni tundu la kuziba kwa bati au silikoni ya moto. Pili, mpe hewa ya kujaza ile nafasi: dakti ya NACA kwenye kioo cha pembeni. Ni lile tundu lililozama lenye kuta zinazopinda kufunguka na sakafu inayoshuka taratibu, lililobuniwa na wahandisi wa ndege wa Marekani miaka ya 1940. Linavuta hewa bila kutokeza nje, ndiyo sababu linapendwa. Liweke pale ambapo hewa bado inateleza vizuri juu ya bodi, na ncha yake nyembamba itazame mbele. Nimeshaliona limefungwa kinyume kwenye gari linalokimbia.

Kutoka kwenye dakti hiyo, bomba moja linaelekea kifuani, jingine linapita kwenye kipuliza cha umeme na kichujio hadi kwenye kofia ya dereva. Kichujio kiwe cha kuondoa kaboni monoksaidi hasa. Kile cha vumbi hakiizuii hata kidogo.

Mengine kwa kifupi

Hewa ya injini kuvuta inachukuliwa pale boneti inapokutana na kioo, kwenye ile presha ya juu niliyoitaja. Kazi ya fundi hapo ni kuhakikisha boksi la kichujio limebana na boneti, lisivute hewa ya moto ya chumba cha injini.

Vibamba vya paa, vile vifuniko vidogo vilivyolala juu ya paa, si dakti, lakini ni usimamizi wa hewa uleule. Mwaka 1993 gari la dereva Rusty Wallace lilipaa na kubingirika Daytona, kisha tena kwenye kiwanja cha Talladega. Mwaka uliofuata NASCAR ikalazimisha vibamba hivyo. Gari likigeuka kwenda kinyumenyume, presha ya chini juu ya paa inavifyonza vinafunguka vyenyewe na kuvunja ule unyanyuaji. Kabla ya kila mbio vinyanyue kwa kidole uone vinafunguka. Rangi mpya au tepu ya urembo inaweza kuvigandisha.

Kupima kwa vifaa vya senti chache

Kata nyuzi za sufu za urefu wa kidole, zibandike kwa tepu juu ya boneti, ubavuni, kuzunguka kila tundu. Mwenzako aendeshe gari jingine kando yako na kamera. Uzi uliolala ukitazama nyuma unasema hewa inateleza. Uzi unaocheza ovyo unasema hewa imejitenga na bodi. Uzi unaoingia tunduni mahali ulipotaka hewa itoke, huo usibishane nao.

Cha pili ni mpira mwembamba unaoonyesha ndani, umeukunja kwa umbo la U kwenye ubao na kuutia maji yenye rangi. Ncha moja ipeleke mbele ya rejeta ndani ya boksi, nyingine nyuma ya rejeta. Kamera ndogo iuelekee ubao. Fanya hivi kwenye barabara ndefu iliyonyooka, mwendo ukiwa umetulia, kwa sababu kwenye kona na wakati wa kukanyaga moto maji yanamwagika upande na namba hazina maana. Ukifika kilomita 160 kwa saa, kumbuka sentimita 12 ndiyo mali yote. Ukiona tofauti ya sentimita mbili tu, hewa haipiti kwenye rejeta. Ili ujue kosa liko wapi, toa ncha moja uiache kwenye chupa ndani ya gari, kisha pima mbele peke yake na nyuma peke yake. Presha ya mbele ikiwa ndogo, boksi linavuja au tundu ni dogo. Ya mbele ikiwa nzuri na ya nyuma nayo iko juu, hewa imeingia na imekosa pa kutokea. Hiyo ya pili ndiyo ninayoikuta mara nyingi.

Baada ya mbio

Pitisha mkono kwenye kila dakti utoe mpira uliojikusanya. Usilipuuze: mwaka 2022 magari kadhaa ya Next Gen yaliwaka moto, na sababu mojawapo ilikuwa vipande vya mpira vilivyojaa karibu na ekzosi. Rejeta ioshe kwa maji kutoka nyuma kwenda mbele, kwa presha ndogo, usije ukalaza mapezi. Kagua mabomba ya breki kwa ndani, maana huungua upande wa diski kabla nje hakujaonesha. Andika joto la maji, la oili, la hewa ya usiku huo na idadi ya kanda za tepu. Tepu yenyewe ivue pua ikiwa bado ina joto. Ikishapoa, gundi inang'ang'ania na utaibandua pamoja na rangi.